Mafuta ya giaboksi

Mafuta ya giaboksi (pia: oili ya gia, kwa magari ya otomatiki mafundi wengi wa Tanzania husema haidroliki ya gia) ni kiowevu kinachozunguka ndani ya giaboksi ya gari ili kulainisha meno ya gia na beringi, kupunguza joto na kuzuia kutu. Katika giaboksi ya otomatiki kiowevu hiki kina kazi nyingine kubwa zaidi: ndicho kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia, na ndicho kinachosukuma klachi za ndani zishike au ziachie. Kwa sababu hiyo gari la gia za mkono lililopungukiwa na oili huendelea kutembea kwa muda huku likijiumiza kimyakimya, lakini gari la otomatiki likipungukiwa huanza mapema kukataa kwenda.

Kupima mafuta haya huchukua dakika chache, na kuyabadilisha huchukua saa moja au mbili. Kuyasahau humgharimu mwenye gari giaboksi nzima. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako gari likitoka Mbeya au Iringa haliendi mbali kabla ya kukutana na mlima, uzembe huu huonekana haraka kuliko katika miji tambarare ya pwani.

== Kazi yake ==

Giaboksi ya gia za mkono ni ya kueleweka kwa urahisi. Ndani yake kuna shafti zenye gia za ukubwa tofauti, na sehemu ya chini imejaa oili kiasi kwamba gia za chini zimezama ndani yake. Gia zikizunguka huirusha oili juu, nayo huyafikia meno na beringi zote. Magari mengi ya aina hii hayana pampu ya oili ya gia.

Giaboksi ya otomatiki ni jambo jingine. Kati ya injini na gia kuna chombo cha mviringo kinachoitwa tokonveta. Mtu anaweza kukifikiria kama feni mbili zinazotazamana ndani ya sufuria iliyofunikwa na kujazwa mafuta. Feni ya kwanza huzungushwa na injini na kuyatupa mafuta kwenye feni ya pili. Feni ya pili husukumwa na mafuta hayo na kuzungusha gia. Hakuna chuma kinachoziunganisha feni hizo wakati gari linaanza kuondoka, ila mafuta tu. Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye taa za barabarani likiwa ndani ya gia bila injini kuzimika.

Pamoja na tokonveta ipo pampu inayozungushwa na injini. Pampu hii huyapeleka mafuta kwa kanieneo kubwa kwenye bodi ya vali, na kutoka hapo kwenye klachi ndogo za ndani. Kila klachi ni mkusanyiko wa sahani za chuma na sahani zilizobandikwa karatasi ngumu ya msuguano, zote zikiwa zimelowa mafuta. Hapa ndipo ugumu wa kutengeneza kiowevu hiki ulipo. Kinatakiwa kiwe telezi ili beringi zisiungue, na wakati huohuo kiruhusu sahani zishikane bila kuteleza. Mafuta ya kupikia au oili ya injini haviwezi kutimiza masharti hayo mawili kwa pamoja. Viwanda huyafikia kwa kuongeza kemikali maalumu, na kemikali hizo huchakaa kadiri gari linavyotumika.

Joto ndilo adui mkuu. Gari likipanda mlima polepole likiwa na mzigo, feni ya kwanza ya tokonveta huzunguka kwa kasi kubwa kuliko ya pili, na nguvu inayopotea kati yao hugeuka joto ndani ya mafuta. Mafuta hayo hupelekwa kwa mabomba mawili hadi kwenye kipozaji, ambacho katika magari mengi kimo ndani ya rejeta. Katika hali ya kawaida mafuta ya otomatiki hufanya kazi kwenye joto la takriban 75 hadi 95 °C. Yakizidi sana hapo huanza kuoksidika, hubadilika rangi, na sili za mpira huwa ngumu na kuanza kuvujisha.

== Historia ==

Giaboksi ya otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors ya Marekani, iliyotangazwa mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Mwaka 1949 kampuni hiyo ilitoa kipimo cha ubora wa mafuta kilichoitwa Type A, na katika miaka ya 1960 kikafuata kipimo cha Dexron. Ford nayo ikawa na vipimo vyake, ambapo Mercon ilianza mwaka 1987.

Kwa miaka mingi moja ya viungo vilivyofanya klachi zishike kwa ulaini ilikuwa mafuta ya nyangumi. Marekani ilipopiga marufuku biashara ya mazao ya nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vililazimika kutafuta kemikali mbadala, na matoleo ya kwanza ya Dexron II yalileta shida ya kutu katika vipozaji kabla ya kurekebishwa. Dexron III ilitoka mwaka 1993 na Dexron VI mwaka 2005. General Motors iliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006. Kwa hiyo makopo yanayouzwa leo yakiwa na jina hilo yanategemea uaminifu wa mtengenezaji wake tu.

Nchini Tanzania gia za mkono zilitawala kwa miongo mingi. Malori na Land Rover yaliyopita katika barabara kuu ya TANZAM, iliyojengwa kati ya 1968 na 1973, yalihitaji oili nzito ya gia na fundi mwenye spana. Hali ilibadilika pale magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kuingia kwa wingi katika miaka ya 1990. Mengi yalikuwa ya otomatiki, na vitabu vyake vya maelekezo vilikuwa vya Kijapani. Fundi aliyezoea oili ya namba 90 alikabidhiwa gari lenye mafuta mekundu na dipstiki ya pili chini ya boneti, bila maelezo yoyote anayoweza kuyasoma. Makosa mengi yanayoonekana hadi leo yana asili yake hapo.

== Aina ==

Mafuta ya gia za mkono hupimwa kwa mnato, kwa mfano 75W-90 au 80W-90, na kwa daraja la ubora, hasa GL-4 na GL-5. Watu wengi hudhani kwamba GL-5 ni bora kuliko GL-4 kwa sababu namba yake ni kubwa. Si lazima iwe hivyo. GL-5 ina kemikali nyingi zaidi za kuhimili mgandamizo mkali wa gia za difu, na baadhi ya kemikali hizo zinaweza kuila shaba nyeupe na shaba ya njano zinazotumika kwenye sinkronaiza za giaboksi. Mahali palipoandikwa GL-4 huwekwa GL-4. Tena yapo magari ya gia za mkono yanayotumia mafuta mepesi ya otomatiki, kwa hiyo kuangalia kitabu ni bora kuliko kukisia.

Mafuta ya otomatiki hutofautiana kulingana na kampuni iliyotengeneza gari. Toyota nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutumia Type T-IV. Za baadaye hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Hizi mbili hazibadilishwi moja kwa nyingine. Honda ilikuwa na ATF-Z1 na baadaye DW-1, Nissan ina Matic, Mitsubishi ina SP-III na nyinginezo. Mara nyingi jina la mafuta limeandikwa kwenye dipstiki yenyewe au kwenye kifuniko cha kujazia.

Aina ya tatu ni mafuta ya CVT. Giaboksi ya CVT haina gia zenye ngazi bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mafuta yake lazima yauruhusu mkanda kuikamata puli, chuma kwa chuma, bila kuteleza na bila kukwanguana. Nissan hutumia NS-2 na NS-3; Toyota, Honda na Subaru zina zao. Kuweka haidroliki ya kawaida nyekundu ndani ya CVT ni njia ya hakika ya kuiharibu. Gari linaweza kutembea vizuri kwa majuma kadhaa, kisha mkanda huanza kulia na puli huwa na mikwaruzo isiyotibika.

Katika maduka ya spea ya maeneo kama Soweto na Mwanjelwa jijini Mbeya, mteja akisema tu "nipe haidroliki" anaweza kupewa kopo lolote jekundu, kwani neno hilohilo hutumika pia kwa mafuta ya usukani. Inafaa mteja aende na jina kamili la mafuta likiwa limeandikwa kwenye karatasi au kwenye simu. Rangi haithibitishi chochote, kwa kuwa ni dawa ya kutia rangi iliyoongezwa ili kuyatofautisha na oili ya injini. Mafuta ya CVT yanaweza kuwa ya kijani, ya buluu au ya manjano.

== Kupima ==

=== Otomatiki yenye dipstiki ===

Utaratibu ufuatao unafaa kwa magari mengi ya Kijapani yenye dipstiki ya gia. Gari liendeshwe kwanza kwa dakika 15 hadi 20 ili mafuta yapate moto, kwani hutanuka yakipata joto na kipimo cha baridi hudanganya. Kisha liegeshwe mahali tambarare. Sharti hili huonekana dogo, lakini nyua nyingi za Mbeya na Iringa zimekaa kwenye mteremko, na gari lililoinama mbele au nyuma linaweza kuonyesha mafuta yamejaa wakati yamepungua.

Hendibreki ivutwe, injini iachwe ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na mguu ukiwa kwenye breki mkono wa gia upitishwe polepole katika nafasi zote, kutoka P hadi ya mwisho na kurudi P, ukisimama sekunde chache kila mahali. Lengo ni kujaza njia zote za ndani. Injini ikiwa bado inanguruma, dipstiki hutolewa, hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, hurudishwa hadi mwisho na kutolewa tena kwa kusomwa. Husomwa pande zote mbili, na upande ulio chini ndio unaoaminika. Dipstiki nyingi zina alama mbili: ya chini kwa mafuta ya baridi na ya juu, iliyoandikwa HOT, kwa mafuta ya moto. Mafuta ya moto yanatakiwa kufika ndani ya eneo la HOT.

Utaratibu huu una vighairi. Magari mengi ya Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndani ya dakika moja au moja na nusu tangu kuzimwa. Baadhi ya Mitsubishi hupimwa gia ikiwa kwenye N. Anayepima Honda kwa utaratibu wa Toyota atadhani mafuta yamepungua na kuongeza yasiyohitajika.

Yakiwa yamepungua, huongezwa kwa faneli ndefu kupitia tundu lilelile la dipstiki, robo lita kwa mara moja, na kupimwa tena. Kujaza kupita kiasi si usalama. Gia zikifika kwenye mafuta yaliyojaa mno huyapiga kama mtu anayepiga mayai, povu hutokea, na pampu hunyonya hewa badala ya mafuta. Hewa husinyaa ikibanwa, hivyo kanieneo hushuka na klachi huteleza. Dalili zake hufanana kabisa na za gari lenye mafuta pungufu, jambo linalowafanya baadhi ya watu waongeze mengine.

Giaboksi ni chombo kilichofungwa. Haichomi mafuta yake kama injini inavyoweza kufanya. Mafuta yakipungua yapo mahali yanapovujia: sili ya eksili, gasketi ya sampu, au mabomba ya kwenda kwenye rejeta. Kuongeza kila mwezi bila kutafuta tundu ni kujaza ndoo iliyotoboka.

=== Rangi na harufu ===

Tone la mafuta likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe hueleza mengi. Mekundu au ya waridi na yenye kupenyeza mwanga ni mazima. Yenye rangi ya chai ya rangi yametumika na wakati wa kuyabadilisha umekaribia au umepita. Meusi yenye harufu ya kuungua yana maana kwamba karatasi za klachi zimeanza kuungua, na hapo kubadilisha mafuta peke yake huenda kusitoshe.

Hali ya hatari kuliko zote ni mafuta yanayofanana na chai ya maziwa. Hayo yamechanganyika na maji, kwa kawaida kwa sababu kipozaji kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka. Maji na dawa ya rejeta huyeyusha gundi inayoshika karatasi za klachi. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata hadi gereji, livutwe.

=== Otomatiki isiyo na dipstiki ===

Magari mengi mapya hayana dipstiki ya gia. Badala yake kuna bolti ya kujazia ubavuni au juu, na bolti nyingine chini ya sampu yenye kijibomba cha kupimia ndani yake. Gari huinuliwa likiwa limelala sawasawa kwa magurudumu yote manne, au huingizwa juu ya shimo la gereji, na joto la mafuta husomwa kwa mashine inayochomekwa kwenye gari. Kwa Toyota nyingi bolti ya kupimia hufunguliwa mafuta yakiwa na takriban 40 °C na injini ikinguruma. Yakitoka mengi, yanaachwa hadi yatiririke kwa matone tu. Yasipotoka kabisa, huongezwa hadi yaanze kudondoka.

Kazi hii haifai kufanywa kwa jeki moja ya mbele. Kwanza ni hatari kwa anayelala chini ya gari, na pili kipimo kinakuwa cha uongo. Gereji isiyo na mashine ya kusoma joto inaweza kubadilisha mafuta hayo kwa kupima yaliyotoka na kurudisha kiasi kilekile, mradi gari halikuwa linavuja na mafuta yaliyotoka yalikuwa na joto sawa na yanayorudishwa.

=== Gia za mkono ===

Hapa hakuna dipstiki katika magari mengi. Ubavuni mwa giaboksi kuna bolti ya kujazia. Gari likiwa tambarare na injini imezimwa, bolti hufunguliwa na kidole huingizwa: oili inatakiwa kugusa ukingo wa chini wa tundu. Anayetaka kumwaga oili ya zamani afungue kwanza bolti ya kujazia kabla ya ile ya chini. Bolti ya kujazia ikiwa imekwama kwa kutu na oili imeshamwagwa, gari litakuwa tupu na halina pa kujazia.

== Katika Nyanda za Juu Kusini ==

Mbeya iko kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mji wa Iringa karibu mita 1,600. Barabara za kuifikia na kuiacha miji hii ni za milima. Anayetoka Dar es Salaam hupanda Kitonga baada ya Ruaha Mbuyuni. Anayeingia Iringa mjini hupanda kutoka Ipogolo. Anayetoka Mbeya kwenda Chunya hukwea safu ya milima iliyo nyuma ya jiji. Na anayekwenda Kyela hupita Tukuyu kisha hushuka zaidi ya mita 1,000 hadi ukingo wa Ziwa Nyasa, akijua kwamba atarudi kwa njia ileile. Vitabu vya magari huyaita mazingira haya matumizi magumu, na huagiza mafuta yabadilishwe mapema zaidi. Kwa hiyo dereva wa Mbeya asisome kipindi kirefu kilichoandikwa kwa ajili ya dereva wa barabara tambarare za Japani.

Gari la otomatiki linalopanda Kitonga nyuma ya lori lisiachwe lichague gia lenyewe. Likiachwa kwenye D hupandisha na kushusha gia mara kwa mara, na kila badiliko huzalisha joto. Kuzima O/D, au kuweka 2 au L mwendo unapokuwa mdogo, huifanya giaboksi itulie kwenye gia moja. Mafuta hupata joto pungufu, hata kama kelele ya injini inaongezeka na abiria wanadhani gari linateswa.

Kushuka nako kuna kosa lake. Wapo madereva wanaoweka N kwenye mteremko kwa imani kwamba wanaokoa mafuta. Injini za kisasa zenye kompyuta hukata mafuta kabisa gari likishuka likiwa ndani ya gia bila kukanyagwa, lakini likiwa N injini huendelea kunywa ili isizimike. Hivyo hakuna kinachookolewa. Kinachopotea ni msaada wa injini katika kupunguza mwendo, na mzigo wote huhamia kwenye breki ambazo hupata moto na kufifia. Kwa giaboksi ya otomatiki, pampu huzunguka polepole wakati sehemu za nyuma zinazunguka kwa kasi, hivyo ulainishaji hupungua. Na kurudisha D gari likiwa katika mwendo huzipiga klachi kwa kishindo.

Baridi ni suala jingine. Mwezi Juni na Julai asubuhi za Mbeya na Makambako hushuka chini ya 10 °C, na oili nzito ya gia za mkono huwa kama asali. Gia ya pili hukataa kuingia au hukwaruza. Mara nyingi giaboksi haina ugonjwa. Kilomita mbili au tatu za mwendo wa taratibu huiponya. Magari ambayo vitabu vyake vinaruhusu 75W-90 hupata nafuu kwa kutumia hiyo badala ya oili isiyo na herufi W.

Katika masika, hasa upande wa Rungwe, magari huvuka maji. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia. Ikiingia ghafla kwenye maji ya baridi ikiwa ya moto, hewa ya ndani husinyaa na inaweza kunyonya maji kupitia tundu hilo au sili iliyochakaa. Baada ya kuvuka maji yaliyofika usawa wa giaboksi, oili ikaguliwe. Na gari likikwama kwenye tope, mtindo wa kubadilisha R na D harakaharaka huku linakanyagwa unaweza kuunguza klachi kwa dakika chache. Kutafuta watu wa kusukuma ni nafuu zaidi.

== Kubadilisha ==

Vitabu hutofautiana sana, lakini kwa matumizi magumu vipindi vya kilomita 40,000 hadi 60,000 ni vya kawaida kwa otomatiki na CVT. Baadhi ya watengenezaji wametangaza mafuta ya "maisha yote". Msomaji ajiulize ni maisha ya nani: gari lililotumika miaka kumi Japani, likauzwa na kuanza maisha ya pili Tanzania, pengine limeshamaliza yale yaliyokusudiwa. Kwa kuwa historia ya gari la mtumba mara nyingi haijulikani, ni busara kuchukulia kwamba mafuta yake hayajawahi kubadilishwa.

Mafuta ya otomatiki yakimwagwa kwa kufungua bolti ya sampu hayatoki yote, kwa sababu mengi hubaki kwenye tokonveta. Tuseme giaboksi ina lita 8 na zinatoka lita 3.2, yaani asilimia 40. Mara ya kwanza asilimia 60 ya mafuta ya zamani hubaki. Mara ya pili hubaki 36. Mara ya tatu hubaki karibu 22. Kwa hiyo kumwaga na kujaza mara tatu, huku gari likitembea siku kadhaa katikati, huyafanya mafuta kuwa mapya kwa zaidi ya robo tatu. Kila mara kiasi kilichotoka hupimwa kwenye chupa au kidumu na kiasi kilekile hurudishwa.

Sampu ikifunguliwa, ndani huwa na chujio na sumaku ndogo. Unga laini wa kijivu juu ya sumaku ni wa kawaida na hupanguswa. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida. Gasketi mpya ifungwe bila silikoni nyingi, kwani mabaki yake hukatika na kuziba njia za bodi ya vali. Bolti za sampu ni ndogo na hukatika kwa fundi mwenye mkono mzito.

Kuna imani iliyoenea kwamba kubadilisha mafuta ya gari la zamani "huua gia". Imani hii ina chembe ya ukweli. Giaboksi ambayo klachi zake zimeshaisha huweza kuwa inashikilia kwa msaada wa unga wa msuguano unaoelea katika mafuta machafu, na mafuta mapya huiondolea msaada huo. Pia mashine ya kusukuma mafuta kwa nguvu inaweza kung'oa uchafu na kuusukumia kwenye vali. Lakini gari hilo lilikuwa limeshakufa kabla ya mafuta kubadilishwa. Kwa gari linalobadilisha gia vizuri na lenye mafuta ya rangi ya chai, kumwaga na kujaza kwa taratibu hakuna madhara. Kwa gari linaloteleza na lenye mafuta meusi, mwenyewe aambiwe ukweli mapema kwamba huenda giaboksi ikashushwa, ili fundi asilaumiwe na mwenye gari asitupe fedha kwenye mafuta.

== Dalili za kuharibika ==

Dalili ya kwanza kwa otomatiki huwa ni kuchelewa: dereva anaweka D au R asubuhi na gari linakaa sekunde mbili au tatu kabla ya kushtuka. Hufuata kuteleza, yaani injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani. Gia kuingia kwa kishindo, mtikisiko kwenye mwendo wa kilomita 50 hadi 70 kwa saa, na sauti ya kulia kama king'ora ni nyingine. Hatua ya kwanza kwa zote ni kupima mafuta, kabla ya kununua solenoidi au kushusha chochote.

Gari la otomatiki lililoharibika lisivutwe mbali kwa kamba magurudumu ya kuendesha yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki, na gia huzunguka bila kulainishwa. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele huinuliwa mbele. Linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hubebwa lote.

== Mafuta yaliyotumika ==

Mafuta yanayomwagwa hayana budi kukusanywa kwenye kidumu chenye mfuniko. Yana chembe za metali na kemikali zinazodhuru udongo na maji, na katika miji iliyojengwa kwenye miteremko kama Mbeya, kinachomwagwa uani huishia mtoni mvua ya kwanza ikinyesha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahusu pia taka hatarishi. Desturi ya kupaka mafuta machafu kwenye mbao dhidi ya mchwa, au kuyarudisha kwenye makopo ya zamani yenye nembo, haifai. Ya pili ni udanganyifu, na ndiyo sababu wanunuzi waangalifu hukata au kutoboa makopo matupu kabla ya kuyatupa.